Kupiga, Kucheza, Kupuliza: Uhakiki wa The Jewel in the Lotus ya Bennie Maupin katika Toleo la 2007

Katika semina ya kutetea pendekezo la utafiti huu, swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa fupi: muziki usio na maneno utahakikiwaje kwa Kiswahili? Aliyeuliza hakuwa na nia mbaya. Uhakiki tuliourithi katika idara zetu ni uhakiki wa maneno. Tukipewa wimbo, kwanza tunauandika karatasini, kisha tunasaka dhamira, tamathali na muundo wa beti. Sauti yenyewe, yaani pumzi, mkono na mpangilio wa ala, huachwa nje kama maganda. Ndiyo maana tunasoma mengi kuhusu mashairi ya muziki wa dansi na taarabu, lakini ni nadra kukuta aya nzima inayoeleza saksafoni inafanya nini baada ya mwimbaji kunyamaza. Sehemu hii inajibu swali lile kwa kuhakiki albamu moja ambayo haina hata neno moja la Kiswahili ndani yake, ingawa mwenye albamu alikuwa na jina la Kiswahili.

Albamu hiyo ni The Jewel in the Lotus ya Bennie Maupin, mpulizaji wa saksafoni, filimbi na klarineti ya besi, aliyezaliwa Detroit, Marekani, mwaka 1940. Ilirekodiwa New York mwezi Machi 1974 na kutolewa mwaka huohuo na kampuni ya ECM ya Munich, Ujerumani, mtayarishaji akiwa Manfred Eicher. Ilitolewa upya kwa CD mwaka 2007, miaka 33 baadaye. Pamoja na Maupin wamo Herbie Hancock katika piano, Buster Williams katika besi kubwa ya kusimama, wapigaji ngoma wawili, Billy Hart na Frederick Waits, na Bill Summers katika ala ndogondogo za midundo, likiwamo pipa la taka lililotiwa maji. Charles Sullivan anaongeza tarumbeta katika vipande viwili. Vipande vyote ni saba.

Wasomaji wengi wa tasnifu hii hawatalitambua jina la Maupin, lakini huenda wamewahi kumsikia. Klarineti ya besi inayotambaa chini ya Bitches Brew ya Miles Davis, iliyorekodiwa Agosti 1969, ni yake. Saksafoni katika Head Hunters ya Hancock ya mwaka 1973, albamu iliyouza zaidi ya nakala milioni moja, ni yake pia, na ni mmoja wa watunzi wanne wa “Chameleon”, kipande kinachopigwa hadi leo na bendi za vyuo na za hoteli duniani kote. Hali hii ya kusikika sana na kutajwa kidogo ndiyo inayowafanya wahakiki wa jazi wamwite msanii asiyethaminiwa ipasavyo. Nitarejea kwenye sifa hiyo, kwani naona imetolewa kwa sababu isiyo sahihi.

Kwanza, majina. Mwaka 1965 Maulana Karenga na wenzake waliunda jumuiya ya Us huko Los Angeles. Falsafa yao waliiita Kawaida, na Kiswahili kilikuwa lugha ya istilahi zake, pamoja na sikukuu ya Kwanzaa iliyoanza 1966. Kijana mmoja wa jumuiya hiyo, mpiga tumba James Mtume, mtoto wa mpulizaji saksafoni na filimbi Jimmy Heath, aliwapa wanamuziki wa jazi majina ya Kiswahili. Desemba 1969 walirekodi albamu iliyoitwa Kawaida chini ya Albert Heath. Hapo Hancock akawa Mwandishi na Williams akawa Mchezaji. Hancock alipounda kundi lake jipya mwaka 1970, desturi iliendelea: Billy Hart akaitwa Jabali, mpiga tarumbeta Eddie Henderson akaitwa Mganga, mpiga tromboni Julian Priester akaitwa Pepo Mtoto, na Bennie Maupin akaitwa Mwile. Jina hili la mwisho lilifafanuliwa kuwa ni mwili wenye afya njema.

Msomaji mzawa wa Kiswahili atatabasamu, na ana haki. Mtume si jina ambalo mama yeyote wa Singida, Mwislamu au Mkristo, angempa mwanawe. Kamusi zetu zinaandika mwili, si mwile. Mganga peke yake ndiye aliyelengwa barabara, kwa kuwa Henderson alikuwa daktari wa tiba aliyesomea kazi hiyo. Lakini ni kosa la kiuhakiki kuishia kwenye tabasamu. Watu waliotungiwa majina haya hawakuwa wanafunzi wa lugha wanaosahihishwa insha. Walikuwa wanatafuta namna ya kujiita ambayo haikutoka kwa mtu aliyewahi kuwamiliki babu zao, na katika kutafuta huko waliingia ndani ya lugha yetu kupitia mlango ambao sisi wenyewe hatuutumii. Yafaa tuangalie waliona nini humo.

Chukua Mchezaji. Waliotafsiri walifuata Kiingereza, ambamo kitenzi kimoja hutosha kwa mpira, kwa mtoto na kwa besi. Kiswahili kinakataa. Kwetu ala hupigwa: mtu hupiga gitaa, hupiga ngoma, hupiga kinanda, na hata saksafoni na filimbi, ambazo hakuna anayezigusa kwa nguvu, nazo tunasema zinapigwa. Anayecheza ni yule aliye mbele ya jukwaa, mwenye viatu vilivyochakaa kisigino. Kwa hiyo Buster Williams, kwa sikio la Mswahili, si mpiga besi bali ni mnenguaji. Sasa sikiliza “Song for Tracie Dixon Summers”, kipande ambacho besi yake ndiyo inayotangulia na kubeba mazungumzo. Vidole vinateleza, vinasita, vinarudi nyuma nusu hatua kabla ya kutua. Hakuna mahali anaposhindilia mdundo kama mtu anayepigilia msumari. Kosa la kamusi limesema ukweli kuhusu mwanamuziki huyu kuliko ambavyo neno sahihi lingesema.

Pepo Mtoto nalo linastahili kusimamiwa kidogo, ingawa Priester hayumo katika albamu hii. Pepo ni kiumbe anayepunga kichwani mwa mgonjwa, tena pepo ni makao ya wema, tena ni wingi wa upepo. Mtu aliyekulia Singida, mji ambao upepo wake hauhitaji kuelezwa, hawezi kulisikia neno hilo bila maana ya tatu kutangulia. Maupin ameita kipande kimoja cha albamu hii “Winds of Change”. Ni kifupi sana, sauti za ala zake za kupuliza zimerundikwa moja juu ya nyingine, na kinaisha kabla msikilizaji hajajua kimeanzia wapi. Kwa Kiingereza jina hilo linachezea upepo na ala za upepo. Kwa Kiswahili ningeliita “Pepo za Mabadiliko”, na tungepata zaidi: upepo, viumbe wasioonekana, na bustani.

Hapo ndipo napendekeza istilahi ambayo uhakiki wetu hauitumii vya kutosha. Tumezoea kusema mpiga saksafoni, mpiga filimbi. Kuna kitenzi kingine, kupuliza, ambacho tunakiachia moto wa mkaa, chai ya moto na vuvuzela. Tofauti kati ya kupiga na kupuliza si ya sarufi tu. Anayepiga huanza kwa tendo lililokamilika: mkono umeshuka, sauti imetoka, na kinachofuata ni sauti hiyo kufa polepole. Anayepuliza hana budi kuendelea kutoa kitu mwilini mwake kwa muda wote ambao sauti inaishi, na akikata pumzi, sauti hukatika. Wapo wapulizaji wengi wa jazi ambao kwa hakika ni wapigaji. Noti zao hutoka kama mvua ya mawe juu ya bati, na hilo ni jambo zuri linapofanywa vizuri. Maupin katika The Jewel in the Lotus ni mpulizaji halisi. Filimbi yake katika “Mappo” haianzi mahali panapoweza kuwekewa alama, inajitenga tu na ukimya. Anashikilia sauti hadi usikie hewa pembeni mwake, ile hewa isiyogeuka kuwa noti, ambayo wapulizaji wengine huificha kama aibu.

Kwa mantiki hiyo Mwile si jina baya. Hata hivyo, waliompa jina walikuwa wakitafuta neno tulilonalo na ambalo hawakulipata: mzima. Mzima ni mwenye afya, ni aliye hai, na ni asiyepungukiwa. Walichopata badala yake, mwili, ni neno lenye kivuli. Kwetu mwili huumwa, huchoka, na katika taarifa za habari mwili ni kile kinachosafirishwa kwenda kuzikwa. Nadhani kivuli hicho kinaifaa albamu kuliko afya njema. Kichwa chake kimetokana na maneno ya sala ya Kibudha, na “Mappo” ni istilahi ya Ubudha wa Japani inayohusu zama ambazo mafundisho yamefifia. Wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani hushika uzi huo, wakaiita albamu ya tafakuri, ya roho iliyotulia. Mimi nasikia kinyume chake. Nasikia miili: mapafu yanayofika mwisho, maji yanayogonga ukuta wa pipa, watu wawili wenye ngoma wanaokubaliana kutopiga. Hart, aliyeitwa Jabali, hapa amekuwa changarawe.

Kipande cha kwanza, “Ensenada”, ndicho kinachobeba hoja yangu. Besi inashika kifungu kifupi na kukirudia. Juu yake vinanyunyiziwa vimilio vya ala ndogondogo, piano inaweka kodi moja hapa na nyingine pale, na filimbi inapita. Kwa zaidi ya dakika nane kitu kinajaa, kama maji ya bwawa yanavyopanda usiku, lakini hakuna anayejitokeza mbele kuonyesha ufundi. Hancock, ambaye wakati huo alikuwa ametoka tu kutoa albamu iliyochezesha Marekani nzima, anakaa nyuma kama mgeni mwenye adabu.

Niliwahi kukisikiliza kipande hiki Singida mjini pamoja na mzee mmoja aliyewahi kupuliza tarumbeta katika bendi enzi za ujana wake. Alikaa kimya hadi katikati, kisha akaniuliza, “Sasa mwanangu, wataingia saa ngapi?” Nilimjibu kwamba wameshaingia, mzee wangu. Hakukubali. Kwake, na kwa rika lake lote, jazi ni jina la bendi: Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz. Muziki huo una mwendo unaojulikana. Sehemu ya kwanza hutuliza na kueleza kisa, kisha magitaa hubadili mwendo, saksafoni na tarumbeta huanza kujibizana, watu huinuka vitini, na hiyo ndiyo chemko. Mzee alikuwa akiisubiri chemko. Swali lake ni uhakiki bora kuliko kurasa nyingi nilizozisoma kuhusu albamu hii, maana limetaja kwa usahihi kile ambacho Maupin amekizuia. “Ensenada” ni sehemu ya kwanza ya wimbo wa dansi iliyorefushwa hadi ikakataa kugeuka. Maji yanachemka bila kufurika.

Je, kuzuia huko ni udhaifu? Wapo watakaosema ni mtindo wa ECM tu, kampuni iliyojijengea jina kwa sauti za utulivu na mwangwi, na kwamba sifa ni za Eicher aliyekuwa nyuma ya kioo cha studio. Hoja hiyo haisimami. Mwaka 1972, katika Crossings ya Hancock, iliyotolewa na Warner Bros., tayari kulikuwa na vipande viwili vya Maupin, “Quasar” na “Water Torture”, na humo tayari tunamkuta mtunzi anayepanga nafasi kabla ya kupanga noti. Aidha, Head Hunters ilirekodiwa Septemba 1973, miezi sita tu kabla ya albamu hii, na Maupin, Hancock na Summers wamo katika zote mbili. Watu walewale waliojua kufurisha chungu walichagua kutokifurisha. Uchaguzi huo ni wa msanii.

Si kila mahali uchaguzi huo unafanikiwa. “Excursion”, ambamo sauti za binadamu zinaingia kabla ya ala kupandisha kelele, ndicho kipande dhaifu kuliko vyote. Sauti hizo zinataka kusikika kama ibada, lakini hazina jamii iliyo nyuma yake inayozijua, kwa hiyo zinabaki kuwa ishara ya ibada. Ulinganisho na Uhuru Afrika ya Randy Weston unasaidia hapa. Albamu hiyo ilirekodiwa Novemba 1960, Yusef Lateef, mpulizaji mwingine wa saksafoni na filimbi aliyekulia Detroit, akiwamo. Humo Mtanganyika Tuntemeke Sanga anayasoma kwa Kiswahili maneno ya Langston Hughes, mwaka mmoja kabla ya Tanganyika kupata uhuru. Sauti ya Sanga ni ya mtu mmoja na haina mbwembwe, lakini ina watu nyuma yake, na unawasikia. Katika “Excursion” wako watu wengi, na simsikii yeyote. “Winds of Change” nayo, pamoja na yote niliyosema kuhusu jina lake, ni rasimu zaidi kuliko kazi iliyokamilika, na ningependa kusikia ingekuwaje kama angeipa dakika tano.

Sasa nirudi kwenye sifa ya kutothaminiwa ipasavyo. Kwa kawaida hoja hutolewa hivi: Maupin ana ufundi sawa na wapulizaji mashuhuri wa rika lake, lakini hakupata bahati ya kuongoza kundi lake. Albamu zake kama kiongozi ni chache na zimeachana sana: baada ya hii zikaja Slow Traffic to the Right ya 1977 na Moonscapes ya 1978, kisha ukimya mrefu hadi Driving While Black ya 1998 na Penumbra ya 2006. Haya ni kweli. Ila hoja hii inadhani kwamba kipimo ni solo, na kwamba tukimsikiliza vizuri tutagundua shujaa aliyefichwa. Toleo la 2007 lilipokelewa kwa furaha ya aina hiyo, kama hazina iliyofukuliwa. Lakini anayeingia katika albamu hii akitafuta shujaa atatoka mikono mitupu. Maupin hubadilisha ala mara kwa mara kiasi kwamba hana sauti moja ya kumtambulisha. Anawapa wenzake nafasi za mbele. Kipande chenye jina la albamu, ambapo piano ya umeme inatandaza ukungu, kingeweza kuwa uwanja wake wa kujionyesha, naye anakitumia kusikiliza.

Sisi tuna watu wa namna hiyo, na hatujawaandikia. King Michael Enoch alianza kujulikana kama mpiga gitaa wa Dar es Salaam Jazz, akaja kuwa mpulizaji saksafoni na mwalimu wa wenzake katika Mlimani Park. Kila mpenzi wa Sikinde anaweza kuimba maneno ya nyimbo ambazo yeye alizipangia ala. Ni wangapi wanaoweza kuimba kile alichokipuliza kati ya ubeti na ubeti? Na baadhi ya rekodi hizo pia zimetolewa upya, nyingine na kampuni za Ulaya na Marekani, kama ilivyotokea kwa Maupin. Swali nililoulizwa katika semina, kwa hiyo, halihusu Wamarekani peke yao. Likikosa jibu kwa “Ensenada”, litakosa jibu pia kwa nusu ya muziki wetu wenyewe.

Mwezi Juni 1974, miezi mitatu baada ya Maupin kutoka studio, Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilikutana Dar es Salaam, na miongoni mwa waliokuja walikuwamo Wamarekani weusi ambao Kiswahili kilikuwa kwao ahadi kabla ya kuwa lugha. Hakuna ushahidi unaounganisha albamu na mkutano, wala sijengi hoja juu ya kalenda. Ninachoona ni kwamba wakati huohuo, katika jalada la ECM, jina lililowekwa mbele ni Bennie Maupin. Hancock naye aliendelea na jina lake la kuzaliwa, na Mwandishi likabaki kuwa jina la albamu ya 1971 na la kundi lililokwisha kuvunjika. Lugha ilikuwa imeanza kuvuliwa.

Kipande cha mwisho kinaitwa “Past Is Past”, yaliyopita yamepita. Ni cha taratibu na hakina mbwembwe. Baada ya yote yaliyotangulia, mtu angetegemea muhtasari, au angalau ile chemko iliyocheleweshwa. Badala yake Maupin anapuliza wimbo wa kawaida kabisa wenye mwanzo na mwisho, kama mtu anayefunga duka jioni, na piano inamsindikiza hadi mlangoni. Pumzi ya mwisho haikukatwa na fundi mitambo. Imeachwa ikaisha yenyewe, na katika CD ya 2007, ukiongeza sauti na kufunga madirisha, unasikia mahali inapoishia.